Mpango wa Siku ya Kufika

Nimeuandika nyuma ya bili ya umeme,
umeme wenyewe ukiwa umekatika,
kwa mwanga wa simu iliyobakiwa na asilimia tisa:

Basi, saa kumi na mbili kamili, kutoka Kolwezi.
Viti vya upande wa kushoto, jua lisimchome.
Pampasi sita. Hapana, nane.
Biskuti zisizo na chokoleti
(nalikumbuka gauni la harusi ya Masengo).
Saa saba mchana: mtoto alale.

Hapo nimepiga mstari mara mbili,
kama mbuzi afungwaye kwa kamba mbili
asile mahindi ya jirani.

Umba anasoma juu ya bega langu, anachekea puani.
"Unapanga safari au unapanga mapinduzi?"
Ana siku tatu tu nje ya mgodi.
Anataka tushuke Lubumbashi tuelekee bustanini na valizi zetu,
tupande gurudumu kubwa kabla vumbi halijatutoka.
Namwambia siku ya kufika si ya kucheza.
Siku ya kufika ni ya kuvua viatu.
Mtoto wa miaka miwili na miezi minne
hafiki mzima mzima:
miguu hutangulia, tumbo hufuata,
roho ingali Kolwezi, uvunguni mwa kitanda,
inatafuta kijiko chake chekundu.

Kijiko! Nimeongeza kijiko.

Mimi nilikuwa na miaka tisa baba aliponiahidi gurudumu lile.
Sikumdai. Nilijifunza tu kuandika mipango.

*

Numbi hajui kusoma, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Basi liliondoka saa mbili na nusu.
Jua lote la Mungu lilikuwa upande wa kushoto.
Pampasi ya tano ilikwisha kabla ya Likasi,
biskuti alizila kuku wa abiria wa nyuma,
na kijiko, nilichokibeba kama hati ya kusafiria,
kilitupwa dirishani kwa furaha kubwa.

Tulipouona mji, Umba alimnyanyua:
tazama bomba la moshi, tazama ule mlima mweusi,
ni mabaki ya shaba, babu yako alifanya kazi pale.
Numbi aliutazama kwa huruma.
"Bukari imeungua," akasema.

Katuba, kwa shangazi Kabange, saa saba ilipita
kama mgeni anayesalimia tu akiwa njiani.
Nilifunga pazia. Nilimpigapiga mgongoni.
Akaamka kitandani kutaja vitu: ndoo, mlango, nzi,
ndoo tena, pua ya shangazi.
Aliyelala ni Umba, na viatu vyake.

Kwa hiyo saa kumi na moja nikashindwa.
"Twende tukaangalie tu," nikasema,
maneno ambayo mpango wangu haukuwa nayo.

Lango lilikuwa limefungwa.
Umeme hakuna tangu asubuhi, alisema mlinzi,
labda kesho, labda.
Juu ya mijakaranda gurudumu lilisimama kimya,
vikapu vyake vikining'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani.
Umba alipiga jiwe teke.
Mimi nikatafuta sauti ya kumwambia mtoto
jambo nililoambiwa mimi mara nyingi mno.

Numbi akashika nondo za lango, akainua kichwa.
Akatazama kwa muda mrefu.
Kisha akageuka, kidole mdomoni, macho makali:
"Ssss. Imelala."

Akatulazimisha kuondoka kwa kunyata,
baba yake wa buti za mgodi, mimi na mfuko wa pampasi tatu.
Mlinzi naye alipunguza redio.

Usiku nilifungua ile bili.
Basi, hapana. Jua, hapana. Biskuti, tusiseme.
Lakini pale kwenye saa saba, *alale*,
nimeweka alama ya vyema.
Sikuwa nimeandika nani.